Wapime kwanza, skrubu baadaye

Timu ikifungwa mechi moja tu, mashabiki wanataka kocha atimuliwe. Walenga shabaha wa Marekani wanaojaza upya maganda ya risasi za bastola nao wana ugonjwa huohuo. Risasi moja ikitoka ndefu kuliko nyingine, mtu anakimbilia kugeuza skrubu ya mashine. Hapo anachemsha! Mara nyingi shida ni maganda ya viwanda tofauti, vichwa visivyolingana, au uchafu kwenye chuma kinachovisukuma. Dawa ni kusafisha, kutumia maganda ya aina moja, kisha kupima risasi kumi.

Ya milimita 9 haitakiwi kuzidi milimita 29.69, lakini fupi ndiyo hatari zaidi: kichwa kikizama sana presha hupanda, bastola inaweza kumpasukia mkononi. Huko hakuna mechi ya marudiano.