Roboti za wanafunzi: Mkulima atavuna nini?

MZAZI aliyeuza mahindi ili kulipia mahitaji ya shule, akisikia kuwa mwanawe anashinda Jumamosi akiunda roboti, ana haki ya kuuliza: mchezo huo utaleta nini nyumbani? Vilabu vya roboti sasa vipo katika shule kadhaa za Afrika Mashariki, na swali hilo linastahili jibu la hesabu, si la sifa.

Mipango hii ilipata nguvu Marekani. Mwaka 1989 mvumbuzi Dean Kamen alianzisha taasisi ya FIRST, kwa lengo la kuwafanya vijana waipende sayansi kama wanavyopenda michezo. Mashindano yake ya kwanza, mwaka 1992, yalikuwa na timu 28 katika ukumbi wa michezo wa shule moja huko New Hampshire. Mwaka 2017 yakaanza mashindano ya dunia ya FIRST Global mjini Washington. Huko kila nchi hualikwa kupeleka timu moja, na timu zote hupewa seti ya vifaa inayofanana, iwe nchi tajiri au maskini.

Mada zake si ngeni kwa mkulima. Mwaka 2017 roboti zilitenganisha mipira ya rangi ya bluu na ya machungwa, iliyowakilisha maji na uchafu. Mwaka 2024, mjini Athens, Ugiriki, mada ilikuwa usalama wa chakula.

Hata hivyo, roboti ya mashindano haipalilii shamba. Faida yake iko katika kile ambacho kijana hujifunza anapoiunda: kupima, kuunganisha nyaya, kuandika programu, na kutafuta kosa pale mota inapogoma. Ujuzi huo ndio unaotakiwa kwenye pampu ya umeme wa jua, mashine ya kutotolesha vifaranga au chumba cha ubaridi cha maziwa.

Mfano wa karibu ni mahindi. Mnunuzi akisema mzigo ni mbichi, bei hushuka papo hapo. Mkulima hana cha kujibu, kwa sababu kipimo chake ni kung'ata punje au kuitikisa pamoja na chumvi ndani ya chupa kavu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu zaidi ya huo, kuvu hupata nafasi, na sumukuvu hufuata.

Hasara ya sumukuvu inajulikana. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, kisha ikafungua mpaka kwa masharti, likiwamo la cheti cha kuonyesha kiwango cha sumu. Mfanyabiashara aliyekuwa na lori barabarani hakuhitaji kuelezwa thamani ya vipimo.

Kifaa cha kuhisi unyevu ni kazi ambayo klabu ya shule inaweza kuijaribu. Vibao vidogo vya kielektroniki vya aina ya Arduino, vilivyoanza Italia mwaka 2005, michoro yake iko wazi kwa yeyote kuitumia. Lakini tahadhari ni mbili. Kifaa cha unyevu hakipimi sumukuvu; hiyo ni kazi ya maabara. Pili, kifaa cha wanafunzi kinafaa kumwonyesha mkulima iwapo aendelee kuanika, si kuamua bei. Kipimo cha biashara lazima kihakikiwe na mamlaka husika, ambayo kwa Tanzania ni Wakala wa Vipimo.

Kwamba teknolojia inaweza kumfikia mkulima kwa lugha yake, programu ya simu ya Nuru imekwisha onyesha. Hutambua dalili za magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu, huzungumza Kiswahili, na hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Tatizo kubwa ni mwendelezo. Klabu inayotegemea mfadhili hufa siku betri zinapoisha. Shule isiyo na umeme wala mwalimu aliyefunzwa haiwezi hata kuanza, na hivyo mtoto wa kijijini hubaki nyuma ya mwenzake wa mjini. Kijana hodari naye, asipoona kazi ya ujuzi wake kijijini, atahama.

Serikali zimeanza kufungua njia. Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu za kompyuta mwaka 2022, na Tanzania ilianza mwaka 2024 kutekeleza mitaala mipya yenye mkondo wa amali katika sekondari. Lakini mtaala hauwezi kujua ni pampu ipi imekufa kijijini.

Hapo ndipo chama cha ushirika kinapohusika. Badala ya kusubiri mfadhili, chama kinaweza kuipelekea shule tatizo moja kila msimu, kuchangia gharama ya vipuri, na kuruhusu ghala litumike kwa majaribio chini ya usimamizi wa fundi. Muuza vipuri wa mjini atapata mteja mpya, na shule itapata kazi ya kweli ya kufanya.

Mzazi naye asiulize tu kama klabu ilirudi na kikombe. Aulize ni kitu gani kilichoharibika nyumbani ambacho mwanawe sasa anaweza kukitengeneza.