Anko, mbona mwanga unatangulia?

Wiki hii nina kisa cha mpwa wangu, dogo wa miaka sita. Mvua ikianza tu na umeme ukamulika dirishani, yeye huyoo, uvunguni! Kosa letu wenyewe. Tulishamdanganya eti huko juu wanasukuma mapipa.

Juzi akachungulia toka uvunguni: “Anko, mbona mwanga unatangulia, kelele inachelewa?”

Nilitaka kumwambia, “Nyamaza, ulale.” Nikajishtukia. Mtoto kauliza swali la maana, namnyamazisha ili iweje?

Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, ncha moja nikafunga kwenye kitasa, nyingine nikampa. “Tikisa mara moja.” Nundu ikakimbia mpaka mlangoni. “Kamba imeondoka mkononi?” “Haijaondoka.” “Basi hilo ndilo wimbi. Kinachosafiri ni mtikisiko. Radi inaipasha hewa moto ghafla, hewa inatikisika, mtikisiko unakufikia sikioni. Ndo ngurumo hiyo, wala si mapipa.”

Halafu nikamwambia, mwanga na sauti vinaondoka pamoja, ila mwanga ni ndege, sauti ni konokono. Kwa wakubwa wenzangu: mwanga hukata kama kilomita 300,000 kwa sekunde moja, sauti mita 340 hivi. Kwa hiyo kila sekunde tatu za kusubiri ni kama kilomita moja.

Umeme ukamulika. Tukakodolea mshale wa sekunde: kumi na mbili, ndipo ikanguruma. Kilomita nne. Uliofuata, sita tu. “Anko, inakuja!” Dogo kashatoka uvunguni bila kujijua, macho yote kwenye saa.

Hapo ndipo nikampa lile kubwa. Ngurumo ikija kabla hujafika thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Acha mpira, usijifiche chini ya mwembe, kimbia ndani ya nyumba, na utulie humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wiki iliyopita wingu limetanda, wenzake wanakimbilia mwembe wa jirani. Nikamsikia anapiga kelele: “Tokeni hapo! Nimehesabu tisa tu!” Wakamfuata barazani, wakaingia wote sebuleni kwangu na matope yao.

Zulia limeharibika, lakini sikusema kitu. Tukutane wiki ijayo.