Mwenye waya asigeuzwe hakimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya ugomvi uliopo baina ya wasanii, kampuni zinazouza intaneti, na watu wanaopeana nyimbo na filamu bila idhini ya wenyewe. Ufaransa imekwisha jaribu kuumaliza kwa sheria, na yaliyotokea huko yanafaa kuangaliwa.

Mwaka 2009 nchi hiyo iliunda chombo kilichoitwa Hadopi. Wenye hakimiliki walipeleleza mitandao ambamo watu hupeana mafaili, wakaandika namba za laini zilizotumika, wakazipeleka Hadopi. Kampuni za intaneti zilitakiwa kutaja wateja wenye namba hizo na kuwafikishia onyo. Aliyerudia ndani ya miezi sita alipata onyo la pili pamoja na barua ya rejista. Aliyerudia tena katika mwaka mmoja, jalada lake liliweza kupelekwa kwa mwendesha mashtaka.

Awali Bunge lilitaka Hadopi yenyewe iwe na uwezo wa kumkatia mtu intaneti. Juni 2009 Baraza la Katiba lilikataa. Lilisema kwamba intaneti ni njia ya watu kutoa na kupata mawazo, na uhuru huo haufai kuachwa mikononi mwa ofisi isiyo mahakama. Kwa maoni yangu Baraza lilisema kweli.

Swali la pili ni hili: mkosaji ni nani? Namba ya laini humtaja mwenye mkataba, haimtaji aliyeshika kompyuta. Kwa hiyo sheria ilimwadhibu mwenye laini kwa kosa la kutoilinda. Mwaka 2012 mtu wa kwanza kuhukumiwa alitozwa faini ya euro 150, ingawa mkewe alikiri kuwa yeye ndiye aliyepakua nyimbo. Huku ni sawa na kumchapa kiranja kwa kelele za darasa zima.

Julai 2013 adhabu ya kukatiwa intaneti ilifutwa, ikabaki faini isiyozidi euro 1,500. Wakati huo watazamaji wengi walikwisha hamia kwenye tovuti ambamo mtu hutazama tu bila kupeana faili, na huko mtego wa Hadopi haukufika. Mwaka 2022 chombo hicho kiliunganishwa na kingine, kikaitwa Arcom.

Ndugu Mhariri, sisemi kwamba wezi waachwe. Mtunzi wa wimbo ana watoto wa kulisha kama mkulima, na anayechukua kazi yake bure anakula jasho lake. Lakini kuna njia iliyo bora zaidi. Novemba 2013 mahakama ya Paris iliziamuru kampuni za intaneti kuzifunga tovuti za kundi la Allostreaming zilizokuwa zikionyesha filamu bila idhini. Hapo hakimu alisikiliza pande zote, akatoa amri, kampuni ikatekeleza. Aliyebanwa ni mwenye duka la mali ya wizi, si kila aliyepita mlangoni.

Nasi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na wasanii wetu wana haki ya kuidai itekelezwe. Lakini akitokea wa kushauri kwamba laini zikatwe, afikiri kwanza. Hapa kijijini simu moja hutumiwa na nyumba nzima, pengine na jirani pia. Kijana akipakua filamu ya wizi, atakayekosa mitihani ya zamani ya kujisomea ni mdogo wake wa darasa la saba, na baba atakosa kujua bei ya mahindi.

Kampuni ifikishe onyo na itii amri ya mahakama. Kuhukumu tumwachie hakimu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Masasi.