Kamba, Beleshi na Choo cha Shimo: Maoni Juu ya Kinyesi cha Mbwa

Mwaka 2009 nilikuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamivu katika elimu ya vimelea. Kila asubuhi, nilipokuwa nikienda maabara, nilikutana na bibi mmoja mzee akimtembeza mbwa wake katika bustani ya watu wote. Mkononi alishika ugwe, na katika koti lake alikuwa na vifuko vidogo vyeusi vilivyokunjwa kama leso. Mbwa alipojisaidia, bibi huyo aliinama, akavaa kifuko kimoja mkononi mfano wa glavu, akaokota kinyesi, akakipindua kifuko, akakifunga fundo na kukitia katika pipa la taka.

Siku ya kwanza nilicheka kimoyomoyo. Kwetu nilikokulia, mbwa alikuwa mlinzi wa nyumba. Alifunguliwa jioni, akazurura usiku kucha, na alichokiacha njiani kilikuwa kazi ya jua na mvua. Niliona kwamba mambo yale ni ya watu wenye nafasi nyingi na shughuli chache.

Kicheko hicho kilikoma wiki chache baadaye. Katika maabara tulipewa udongo uliochotwa mahali wanapochezea watoto, tukaambiwa tuuchunguze kwa hadubini. Nikaona yai la mviringo, lenye ganda nene lililojaa vidutu vidogo vidogo kama uso wa mtondoo. Lilikuwa yai la mnyoo wa mbwa. Tangu siku ile nimeshika maoni ambayo leo nayaweka mbele ya walimu na wanafunzi wetu: kuondoa kinyesi cha mbwa ni kazi ya afya ya umma, wala si anasa ya wageni. Vifaa vya kazi hiyo tunavyo tayari majumbani mwetu. Tulichokosa ni kujua sababu ya kuvitumia.

Yai lisiloonekana

Mnyoo niliyemtaja huitwa Toxocara canis katika lugha ya wanasayansi. Huishi katika utumbo wa mbwa, na hasa wa watoto wa mbwa, ambao aghalabu huambukizwa wakingali tumboni mwa mama yao. Mnyoo jike mmoja aweza kutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: minyoo kumi ya namna hiyo, katika muda wa siku kumi, yaweza kumwaga mayai 20,000,000 uwanjani.

Yai likitoka na kinyesi kibichi haliambukizi bado. Lahitaji joto, unyevu na muda, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, ndipo lava aliyemo akomae. Jua kali na ukavu huliangamiza, lakini chini ya kivuli cha mwembe, katika udongo wenye unyevunyevu, laweza kukaa miezi mingi na hata miaka likiwa hai. Kinyesi chenyewe kitakuwa kimetoweka zamani, na mahali pale pataonekana safi.

Mtoto akichezea udongo huo na kutia vidole kinywani, lava huanguliwa tumboni mwake, hupenya ukuta wa utumbo na kuanza safari katika ini, mapafu na viungo vingine. Katika mwili wa binadamu hawezi kukua awe mnyoo kamili, basi hutangatanga. Wengi waambukizwao hawaoni dalili yoyote, lakini wengine hupata homa, kikohozi na kuvimba ini. Wachache hupoteza uwezo wa jicho moja, kwa sababu lava ameingia humo. Mwaka 1950 mtaalamu wa Marekani, Helenor Wilder, alichunguza macho 46 yaliyokuwa yameondolewa kwa ugonjwa, akakuta dalili za lava wa minyoo katika macho 24. Mwaka 1952 Paul Beaver na wenzake wakaonyesha kwamba lava waliowaona katika miili ya watoto walikuwa wa mnyoo huyu wa mbwa.

Sasa twaweza kuelewa hekima ya yule bibi. Zile wiki mbili za mwanzo ni muhula tuliopewa. Kinyesi kikiondolewa katika muhula huo, mayai huenda nacho yakiwa bado hayana nguvu. Kikiachwa, mvua huyatawanya udongoni, na hapo hakuna ufagio wala beleshi liwezalo kuyakusanya.

Hata hivyo, si kila kimelea hutupa muhula. Yuko tegu mdogo sana wa mbwa, Echinococcus granulosus, mwenye urefu wa milimita chache tu, ambaye mayai yake huambukiza tangu dakika yanapotoka. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia wenye ugonjwa. Binadamu akimeza mayai yake, huota fuko la maji katika ini au mapafu, nalo hukua polepole kwa miaka mingi mpaka pengine lihitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizojulikana kwa wingi wa ugonjwa huu, na mpango wa kuudhibiti ulianzishwa huko mwaka 1983. Hapa beleshi peke yake halitoshi. Yapasa mbwa apewe dawa ya minyoo na azuiwe kula matumbo mabichi ya machinjioni.

Vifaa vya wenzetu

Isidhaniwe kwamba watu wa Ulaya na Marekani walizaliwa na vifuko mikononi. Katika jiji la New York, ugomvi juu ya kinyesi cha mbwa uliendelea kwa miaka kadhaa. Mwanaharakati Fran Lee alisimama kuwatetea watoto dhidi ya minyoo ya mbwa, na wenye mbwa wakampinga vikali. Sheria ya kuwalazimisha wenye mbwa kuokota kinyesi ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1978. Paris walijaribu njia nyingine: tangu mwaka 1982 walituma pikipiki zenye mashine ya kufyonza kinyesi njiani. Gharama ilikuwa kubwa na kinyesi kingi kilibaki, hata mwaka 2004 pikipiki hizo zikaachwa. Fundisho ni wazi. Mwenye mbwa asipoinama mwenyewe, mashine haiwezi kuinama badala yake.

Siku hizi maduka yao yamejaa vifaa: vizoleo vyenye mipini mirefu, vifuko vya kila rangi, na hata vibweta vya kuvifunga vifuko hivyo kwenye ugwe. Siwakejeli. Lakini kifuko cha plastiki kina kasoro yake. Mara nyingi niliona vimefungwa vizuri na kisha kutupwa vichakani, au kutundikwa katika matawi ya miti kama matunda. Kinyesi ambacho kingeoza kwa miezi michache kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya plastiki. Sisi tumekwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019. Haitupasi kuirudisha kwa mlango wa uani kwa kisingizio cha usafi wa mbwa.

Vifaa vyetu

Basi tufanye nini? Kifaa cha kwanza ni kamba. Mbwa aliyefungwa au kutembezwa kwa ugwe hajisaidii uwanjani mwa shule ya jirani, hali mizoga, na mwenyewe hujua alipojisaidia. Faida nyingine ni kwamba hukutana na mbwa wa kichaa kwa nadra zaidi, ingawa chanjo ya kichaa cha mbwa haina badala.

Kifaa cha pili ni beleshi dogo, au jembe kuukuu lililokatwa mpini, pamoja na gazeti la kale au majani mapana ya kushikia. Kifaa cha tatu ni choo cha shimo. Hapo ndipo mahali salama pa kutupa kinyesi cha mbwa, kwa kuwa kilichimbwa makusudi kutenga uchafu na watu. Asiye na choo cha namna hiyo achimbe shimo mbali na kisima na bustani ya mboga, na akifukie. Kisitiwe kamwe katika lundo la mbolea ya mchicha, kwa maana joto la lundo la nyumbani mara nyingi halitoshi kuyaua mayai. Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni.

Najua nitakayojibiwa. Wapo watakaosema: tuna malaria na kipindupindu, kinyesi cha mbwa ni kitu gani? Nami najibu kwamba kinga hii haiombi fedha kutoka katika mfuko wa malaria, yaomba dakika tano kwa siku. Wengine watasema: mimi sifugi mbwa, hayanihusu. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Yai la mnyoo halibagui mtoto wa mwenye mbwa na mtoto wa asiye na mbwa. Mwenye mbwa hupata ulinzi, na jirani yake hupata mayai. Katika jambo hili haki na sayansi zasema neno moja: anayefaidi mnyama ndiye apasaye kuinama.

Walimu wa Biolojia wana nafasi njema hapa. Mzunguko wa maisha wa minyoo umo katika masomo, nao hukaririwa kwa ajili ya mtihani. Wanafunzi na wachore ramani ya uwanja wa shule, waonyeshe palipo na kivuli, unyevu na njia za mbwa, kisha wajiulize ni wapi yai lingeishi muda mrefu na ni wapi lingekufa. Wasishike kinyesi, ramani na fikra zatosha. Kisha shule na itenge beleshi moja la kazi hii, na ukaguzi wa uwanja uingizwe katika zamu za usafi, kila siku kabla ya watoto wadogo kuja kucheza.

Nilimcheka bibi yule kwa kuwa niliona mkono wake nisione alichokuwa akikiondoa. Wanafunzi wetu wana bahati ya kujua mapema kuliko nilivyojua mimi. Wakirudi nyumbani jioni hii, na wamtazame mbwa wa nyumbani kwao, wamwulize mzazi: leo amejisaidia wapi?