Gari Likidunda, Nani Anaumia?

Msomaji wangu, kuna ugomvi ambao hutausikia kwenye mafunzo ya ndoa wala kwenye kitchen pati, nao ni ugomvi wa shokapu. Kuna wanandoa ninaowafahamu, wote waajiriwa, wanajenga Kiromo. Kila Jumamosi wanatoka Dar, wanapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, mpaka saiti, karibu kabisa na Bagamoyo. Njia yenyewe ni lami, matuta, lami tena, na mwisho kile kinjia cha mchanga cha kuingilia kiwanjani. Forester lao, mtumba wa Japani, limeanza kukaa chini nyuma na kuyumba. Bwana akaja na dawa: seti ya shokapu za kurekebisha, zile unazungusha kitufe kuchagua ugumu. Bibie akauliza swali moja tu: "Baba Junior, hiyo si ndiyo hela ya mabati?"

Mimi nipo upande wa mabati. Lakini si kwa sababu eti wanaume wanapenda vidude.

Tuanzie hapa. Kinachobeba uzito wa gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza hiyo springi isiendelee kucheza. Ndani yake kuna pistoni inayopita kwenye oili, na oili inalazimishwa kupenya kwenye vitundu vidogo. Mdundo unageuka joto, ndiyo maana ukitoka kwenye vumbi lililojikunja kama bati, shokapu zinakuwa za moto. Kwa hiyo shokapu nzuri si ile inayolifanya gari kuwa gumu. Ni ile ambayo gari likipanda tuta na kushuka, linatulia mara moja, basi. Likiendelea kunesanesa, shokapu imekufa, na hata ukifunga breki ghafla gari litachelewa kusimama, maana tairi halikanyagi sawasawa. Na likikupiga mgongo kwa kila kokoto, shokapu ni ngumu kupita springi yake. Hapo pia tairi linarukaruka. Kaka zangu wengi wakisikia gari gumu wanasema "limeshika barabara". Wapi!

Sasa Forester. Baadhi yake zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likibeba mzigo. Zikifa, makalio ya gari yanashuka. Fundi akikufungia shokapu za kawaida akaacha springi zilezile, gari litabaki limeinama, kwa kuwa springi zile ni laini, zilikuwa zikisaidiwa na shokapu. Inabidi springi zibadilishwe pamoja nazo. Na kile kitufe alichokipenda Baba Junior kinabadilisha jinsi gari linavyotulia, hakiongezi nguvu ya kubeba hata kilo moja ya saruji. Angelipa hela nyingi na nyuma ingebaki chini.

Sisemi za kurekebisha hazina maana. Tein Flex Z ya Kijapani ina hatua 16, na kila hatua inabadilisha ugumu wakati springi inabonyea na wakati inajinyoosha, vyote kwa pamoja. Koni Sport ya Uholanzi inarekebisha kule kujinyoosha tu, na baadhi yake mpaka uzifungue kwenye gari ndipo uzizungushe. Toyota nao waliweka shokapu za kubadilisha ugumu kwa umeme kwenye Soarer mwaka 1983, na baadaye Surf na Prado kadhaa zikaja na swichi yake karibu na dereva. Muulize mwenye Surf ya zamani mara ya mwisho aliibonyeza lini. Nyingi zilishafungwa shokapu za kawaida zamani, swichi imebaki pambo.

Anayefaidika ni mtu ambaye maisha ya gari lake yanabadilika kweli: siku za kazi yuko peke yake kwenye foleni ya Mwenge, wikiendi amejaza familia, hema na maji kuelekea Saadani. Huyo atazungusha. Ila zile za kuinua na kushusha gari kwa nyuzi kama za bolti, huku Pwani zina adui wawili, mchanga na chumvi ya bahari. Usipozisafisha na kuzipaka grisi, zitashikana na fundi atazifungua kwa nyundo.

Kama umeshanunua, pima kwa akili. Kwanza upepo wa tairi, bushi na linki za stabilaiza viwe vizima, maana kelele nyingi za "ko-ko-ko" zinatoka huko wala si kwenye shokapu. Kisha chagua kipande kimoja, tuseme kuanzia matuta ya Kerege, mwendo uleule, mzigo uleule. Anza na laini kabisa, ongeza hatua mbili mbili. Na mwenzio akae kiti cha nyuma! Dereva ameshika usukani, ameliona tuta, mwili umejiandaa. Aliye nyuma anamtuliza mtoto, tuta linamkuta hana habari. Wewe utasema liko safi, yeye ndiye atakayekwambia kweli. Simameni pale anaposema gari linatulia bila kumpiga, andikeni namba.

Kwa sisi wengine, za kawaida mpya za gesi zinatosha, na zinunuliwe mbili mbili, kushoto na kulia. Gerezani pale Kariakoo, boksi lenye jina kubwa peke yake si ushahidi. Angalia uchomeleaji, namba, na risiti unayoweza kurudi nayo. Ukichukua mtumba, bonyeza fimbo yake taratibu: iingie kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, na isiwe na unyevu wa oili.

Halafu kuna hili ambalo mafundi wetu wengi wanaliruka. Bolti za bushi zikazwe mwisho kabisa wakati gari limekanyaga chini kwa uzito wake, si likiwa limening'inia kwenye jeki, la sivyo bushi mpya zinajinyonga na kuchanika mapema. Simama hapo gerejini uone kwa macho yako, kisha nenda kafanye alaimenti.