SPIKA NI ABIRIA, SI DEREVA

Ndugu mfanyakazi, mama, na wewe kijana wa kambi,

Ukurasa huu umezoea kusema nawe juu ya kofia ngumu, buti na mawe yanayoanguka. Leo tunasema juu ya muziki. Usishangae. Hatari haikai mgodini tu ikikungoja urudi kesho. Inakufuata njiani, na mara nyingine ni wewe mwenyewe unayeifunga kwa waya chini ya kiti.

Huku kwetu Maniema, Kindu mpaka Kibombo na Tunda, watu wanapenda chombo chenye sauti. Mwenye baiskeli ya toleka anafunga redio ndogo. Mwenye pikipiki anaweka spika mbili, au bafle kama tulivyozoea kusema. Mwenye pikipiki ya magurudumu matatu anapanga spika nyuma kama ukuta wa nyumba.

Wako wanaosema: wakubwa wapige marufuku, jambo liishe. Sisi hatusemi hivyo. Rumba yetu ni urithi; UNESCO iliiandika katika orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Tena spika juu ya chombo ina faida: inatangaza chanjo, mkutano, msiba. Mtu aliyechoka kwa kazi ana haki ya wimbo. Maoni yetu ni haya: spika ni abiria. Ipande, ikae mahali pake, isimwamrishe dereva.

BATRI INA KAZI YAKE

Batri ya pikipiki ni ya volti 12. Iliwekwa pale ili iwashe injini, iwashe taa na ipige honi. Muziki unakula makombo tu.

Fanya hesabu pamoja nasi. Gawanya wati kwa volti, utapata ampere. Amplifaya inayokula wati 120 inavuta ampere 10. Ikiwa batri yako ni ya ampere-saa 9 na injini imezimwa, haitamaliza hata saa moja. Na injini ikienda polepole, umeme unaotengenezwa na pikipiki ndogo ni kidogo. Amplifaya inakula kuliko kinachoingia.

Usidanganywe na wati 1000 zilizoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kasha. Tazama fyuzi ya amplifaya yenyewe. Ikiwa ni ya ampere 10, basi kwa volti 12 chombo hicho hakiwezi kula sana zaidi ya wati 120 kwa muda mrefu. Mengine ni maneno ya soko.

Sasa fikiri: ni usiku, mvua inanyesha, nyuma amekaa mama mwenye mimba anayepelekwa hospitali ya Tunda. Taa inafifia. Injini inazimika, haiwaki tena. Je, wimbo ule mzuri utashuka kukusaidia kusukuma?

WAYA BILA FYUZI NI MOTO UNAONGOJA

Wengi wanasema: volti 12 haziui mtu. Ni kweli kwamba hazitakurusha. Lakini zinachoma. Ncha mbili za batri ya gari zikigusana kwa chuma, ampere mamia zinapita mara moja. Pete ya kidoleni ikishikwa kati ya spana na bodi inageuka kaa la moto. Basi vua pete na saa kabla ya kazi.

Tazama njia ya waya. Unapita chini ya kiti, unasuguana na chuma, na barabara yetu mbovu inautikisa kutwa. Siku moja ganda linaisha, shaba inagusa bodi. Kama hakuna fyuzi, waya wote unakuwa mwekundu, ganda linawaka, na tangi la esansi liko karibu. Kama fyuzi ipo, inakatika yenyewe na hasara yako ni fyuzi moja tu.

Lakini fyuzi iwekwe wapi? Hapa mafundi wengi wa mtaani wanakosea. Wanaiweka karibu na amplifaya. Fyuzi ni mlinzi wa waya, si mlinzi wa muziki. Iwekwe karibu na ncha ya batri, isipite sentimita 30, ili waya wote uwe nyuma ya mlinzi wake. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, fyuzi isizidi ampere 20. Ikikatika, tafuta sababu. Usiweke msumari, wala karatasi ya sigara, wala uzi wa shaba. Anayefanya hivyo amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Mambo mengine ni haya:

Kabla ya kazi, fungua kwanza waya wa hasi, na ukimaliza uufunge mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi wakati unafungua upande wa chanya, hakuna cheche.

Pale waya unapopenya chuma, weka mpira. Ufunge mbali na bomba la moshi na mbali na usukani unaogeuka.

Chanya ya spika iende kwa chanya ya amplifaya, hasi kwa hasi. Ukigeuza spika moja, sauti nzito zinauana, nawe unaongeza sauti bure.

Spika mbili za ohmu 4 zikifungwa sambamba, amplifaya inaona ohmu 2. Kama haikutengenezwa kwa ohmu 2, itapata moto na kufa.

KIGARI CHA UMEME

Kuna vigari vidogo vya umeme, vile vilivyotengenezwa kubeba wachezaji wa gofu, ambavyo leo vinatumika pia viwandani, hospitalini na kwenye viwanja vya ndege. Ukipewa kimoja kambini, usidhani ni sawa na pikipiki. Mara nyingi volti zake ni 36 au 48: batri 6 za volti 6, au 6 za volti 8, au 4 za volti 12, zimefungwa kwa mfululizo.

Kijana anaona batri ya volti 12, anafurahi, anafunga redio juu yake peke yake. Amekosea. Batri ile inachoka kuliko wenzake. Mashini ya kuchaji inapima volti za zote pamoja, haioni kwamba mmoja ana njaa: wenzake wanashibishwa kupita kiasi, yeye hashibi. Mwisho kundi lote linaharibika, na batri hizo ni ghali. Njia iliyo sawa ni kutumia kipunguza volti, kinachochukua umeme wa batri zote na kutoa volti 12. Fyuzi iwe hapo pia, karibu na batri. Tena usitumie bodi kama waya wa kurudia. Katika vigari vingi vya namna hii bodi haikuunganishwa na batri. Rudisha waya wako wa pili mpaka kwenye kipunguza volti.

Na jambo hili wewe wa mgodini utalifahamu upesi kuliko wengine, kwa maana umefundishwa juu ya hewa mbaya. Batri za risasi na asidi zinapochajiwa zinatoa gesi ya hidrojeni. Ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Basi usiunge waya wakati wa kuchaji, na usichaji ndani ya nyumba iliyofungwa.

SIKIO HALINA ZAMU

Mfanyakazi ana zamu yake, kisha anapumzika. Sikio halina zamu. Kelele ya mashini ya kutoboa mwamba, ambayo inaweza kupita desibeli 110, na kelele ya spika jioni, vyote vinaandikwa katika daftari moja.

Wataalamu wa afya ya kazi wanapima hivi: desibeli 85 kwa saa 8 ndio mpaka. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unagawanywa kwa mbili. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 94 ni saa 1. Desibeli 100 ni dakika 15 tu. Chembe ndogo za ndani ya sikio zikifa, hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Basi ukiwa umevaa vizuia kelele kazini kutwa nzima, kisha ukae nusu saa na spika karibu na kichwa, kesho umemlipa nani?

Kuna hatari nyingine isiyongoja miaka. Dereva asiyesikia hasikii honi ya lori nyuma yake, wala mtoto anayelia, wala abiria anayesema mzigo umelegea. Pale Kibombo njia ya reli inapita. Treni haiji mara nyingi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuisahau.

TUNAOMBA NINI?

Kwako dereva: elekeza spika kwa abiria, si kwa sikio lako, na weka swichi mahali mkono unapofika bila kutafuta. Abiria wa nyuma akisema kwa sauti ya kawaida nawe husikii, muziki umepita kiasi.

Kwako mama: mume au kijana akileta spika nyumbani, muulize swali moja tu, "Fyuzi iko wapi?" Asipoweza kukuonyesha kwa kidole, watoto wasipande.

Kwa wakubwa wa kazi: marufuku peke yake itawafanya watu wafunge waya gizani. Afadhali fundi umeme wa garaji apewe saa chache kila mwezi akague nyaya za wafanyakazi bila malipo. Fyuzi moja ni bei ndogo kuliko kitanda kimoja cha mtu aliyeungua.