Mungu Akizamisha Kijiji ni Haki, Nyanya Akizamisha ni Uchawi

Stori ya Simbi Nyaima niliisikia nikiwa mdogo huku Awendo, kutoka kwa mjomba aliyeolea Kendu Bay. Pengine unaijua. Ni usiku wa mvua, kijiji kizima kiko kwa sherehe, pombe inamwagika. Nyanya mmoja anabisha, amelowa, ana njaa. Wanamfukuza. Mama mmoja tu anamkaribisha, anampa chakula na moto wa kuota. Nyanya anamwambia: chukua watu wako, toka hapa. Usiku huohuo kijiji kinazama. Ziwa bado lipo, maji ya kijani yenye magadi, ukienda Homa Bay utaliona.

Mjomba alimaliza hivi: "Huyo alikuwa mchawi." Sisi watoto tukajikunyata.

Baadaye, nikiwa chuo ambacho sikumaliza, nikasoma Metamorphoses ya Ovid, yule mshairi wa Roma. Katika kitabu cha 8, Jupiter na Mercury wanajifanya wasafiri. Wanabisha nyumba 1,000, zote zinafungwa. Wazee wawili maskini, Baucis na Philemon, ndio wanawapokea. Miungu inafunika eneo zima kwa maji, na kibanda cha wale wazee kinageuka hekalu. Wasee, si ni stori ileile? Tofauti kubwa ni kwamba hawa wageni ni wanaume. Na sijawahi kusikia mtu akimwita Jupiter mchawi. Yeye ni mungu, gharika yake ni haki.

Kwa hivyo usiniambie "hiyo ni hadithi tu." Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, majirani zetu kabisa, akina mama wanne wazee waliuawa na umati na kuchomwa kwa kudaiwa ni wachawi. Sisemi Simbi Nyaima ndiyo iliwasha moto ule. Wakisii wana hadithi zao. Nasema sote tumelelewa na mwisho uleule. Mwanamke mzee, peke yake, usiku: mtoto wa miaka sita tayari anajua atamwita nani. Umati ukifika mlangoni, hukumu ilishatolewa zamani, kando ya moto, na watu tunaowapenda.

Najua nitaambiwa nimeleta ufeministi wa wazungu. Wapi! Isikilize stori yenyewe vizuri. Kosa ni la kijiji kilichomnyima mgeni chakula. Aliyeonywa akapona ni mwanamke aliyefungua mlango. Hadithi ya wazee wetu iko upande wa yule nyanya. Uchawi tumeuongezea sisi wasimuliaji, ndio tusiulizwe kwa nini tulimfukuza.

Disemba hii ukienda ocha na watoto wakuombe stori, wape Simbi Nyaima. Usipunguze mvua wala maji. Lakini wakikuuliza yule nyanya alikuwa nani, waambie alikuwa mgeni, na alikuwa na njaa.